Kina Hakionekani Kutoka Juu

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na shuka, mkaniomba niandike chochote kuhusu kazi, kwa faida ya wanaoanza. Saa sijaitundika. Mtu aliyestaafu hana haja ya kujua kwamba sasa ni saa tatu. Lakini kuandika nitaandika, maana jambo hili nimelikwepa tangu ujana wangu, nikihama nalo mji hadi mji, na sasa sina tena pa kuhamia.

Mnanijua kama mzee wa maabara anayeuliza maswali mpaka watu wanajificha chooni. Mnajua pia kwamba kwenye kila karatasi ya kuhesabu chembe mimi huandika mistari mitatu kabla ya jibu: urefu, upana, kina. Mmeicheka mistari hiyo kwa miaka mingi na mimi nimewaacha mcheke. Hii ndiyo habari yake. Si habari njema na sitaipamba.

Nilizaliwa Kalenga. Shule niliiacha darasa la nne. Mwalimu alisema maswali yangu yanamchelewesha kufika mwisho wa kitabu, nikaona bora nimwachie kitabu chake. Baada ya hapo sikukaa mahali. Nilikuwa utingo wa lori kati ya Iringa na Mbeya, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kukimbia nyuma ya lori umebeba gogo, ili likishindwa mlima ulitegeshe chini ya tairi. Nilipasua mbao Mufindi. Nilikausha pareto kwa msimu mmoja, mpaka nilipokwisha kujua kwa nini ua lile linaua nzi. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu huanza kuniwasha. Mama alikuwa akisema, "Lukasi, wewe ni moshi. Kwako kila mlango ni wa kutokea."

Kilichonishika ni hadubini. Ilikuwa miaka ya hamsini, mwanzoni. Lori letu lilipeleka makasha kwenye kambi ya malale, porini upande wa Chunya, mwendo wa siku nzima kutoka Mbeya mjini. Malale ni ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Siku hizi hamuuoni sana, mshukuruni Mungu. Nilikuwa nimebeba kasha moja begani, mtu mmoja mwenye kofia ya viua akaniita.

"Taratibu, kijana. Hicho ni ghali kuliko wewe na lori lako."

"Kuna nini ndani?"

"Jicho."

Nikamwambia siamini. Akanitazama, akalifungua kasha, akaitoa hadubini na kuiweka mezani dirishani. Akachukua kioo chenye tone la damu, akakitegesha, akasema, "Haya, tazama. Usiguse kitu." Niliona duara la mwanga, na ndani yake vidonge vingi vyekundu vimelala, na katikati yao kitu chembamba kama kambale kikijikunja na kuvisukumasukuma. Nikamwuliza kile ni nini. Akasema ni kile kinachomlaza mtu mpaka afe. Nikauliza kina macho? Kinakula nini? Kinajuaje njia ya kwenda? Alipomaliza kujibu, lori lilikuwa limeondoka bila mimi. Sikulikimbilia.

Huyo ndiye Maalim Shebe. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, yeye akazaliwa Mbeya mjini, mtaa wa nyuma ya soko. Aliwahi kufundisha watoto Kurani chuoni, ndiyo maana ya jina la Maalim, kisha vita vikamchukua, akajifunza maabara katika hospitali za askari. Alikuwa na vidole virefu, na tabia ya kupangusa lenzi hata ikiwa safi. Kambini tulikuwa na daktari mmoja, Mzungu mkimya aliyekuwa akijifunza Kiswahili kwa kuwaomba wagonjwa radhi, na Maalim, na mimi niliyeandikwa kama mfagizi.

Miezi mitatu niliosha vioo. Sikugusa kazi nyingine. Nilipolalamika, Maalim aliniambia kioo kichafu kina wagonjwa wake mwenyewe, na wote wanapona ukikiosha.

Mwezi wa nne akanifundisha kuhesabu.

Hapa itabidi niwaeleze, ingawa mnajua, maana nimegundua kwamba wengi mnajua kama wimbo unavyojulikana. Malale ina hatua mbili. Kwanza inakaa kwenye damu. Baadaye inaingia ubongoni. Kwa hatua ya kwanza tulikuwa na sindano ambayo mtu huivumilia. Kwa hatua ya pili tulikuwa na dawa yenye arseniki, sumu ileile ya kuogeshea ng'ombe, iliyopunguzwa ikawa dawa. Ilifika ubongoni na kuua vidudu. Baadhi ya watu iliwachukua macho. Kwa hiyo hakuna aliyepewa mpaka ijulikane hakika kwamba anaihitaji, na kujua kwenyewe ilikuwa hivi: daktari anatoa maji ya uti wa mgongo, sisi tunahesabu chembe nyeupe ndani yake. Daktari wetu alikuwa na kanuni moja. Chembe zikizidi kumi katika milimita moja ya ujazo, ugonjwa umeingia ubongoni. Hazikuzidi, haujaingia.

Mtu yeyote anaona tatizo. Milimita moja ya ujazo huwezi kuichota kwa kijiko. Ndipo kinapokuja kioo cha kuhesabia: kioo kinene chenye kidimbwi kidogo mno katikati, na chini ya kidimbwi kimechorwa mistari. Kioo chetu kilikuwa na miraba tisa, kila mmoja milimita kwa milimita, na kina cha kidimbwi kilikuwa sehemu ya kumi ya milimita. Unahesabu chembe zilizomo kwenye miraba yote, kisha unagawa kwa ujazo wa kidimbwi.

"Ujazo wake kiasi gani?" Maalim aliniuliza.

"Mdogo."

"Hata akili yako ndogo, lakini tumeipa kazi. Kiasi gani?"

Akanifundisha kuandika. Hakutaka niandike sifuri nyingi. Alisema sifuri moja ikidondoka hutasikia ikianguka. Badala yake alinifundisha kumi iliyobeba mtoto mabegani, ndivyo alivyoiita. Milimita tatu ni 3 × 10⁻³ ya mita. Sehemu ya kumi ya milimita ni 1 × 10⁻⁴ ya mita. Urefu, mstari wake. Upana, mstari wake. Kina, mstari wake. Ukizidisha, namba zinazidishana na watoto wanajumlishwa: 9 × 10⁻¹⁰ ya mita za ujazo. Mtoto wa hasi tisa peke yake ndiye milimita ya ujazo, kwa hiyo tumepata sifuri nukta tisa ya milimita ya ujazo. Chembe kumi na nane ukizigawa kwa hiyo unapata ishirini.

Hapo nilikataa. "Maalim, nimegawa, mbona zimeongezeka?"

"Ulitaka zipungue?"

"Kugawa si kupunguza?"

Akatoka nje, akarudi na pishi ya mchele na kibaba. "Pishi hii ukigawa kwa kibaba, unapata vibaba vingapi?"

"Vinne."

"Pishi moja, jibu nne. Mchele umeongezeka?"

"Hapana."

"Basi. Ukigawa kwa kitu kidogo, jibu linakuwa kubwa. Na kikiwa kidogo mno, kosa la unywele kwenye kile kidogo linakuwa kosa la mlima kwenye jibu. Ndiyo maana kila mgonjwa unaandika mistari yote mitatu, kutoka mwanzo, kana kwamba hujawahi kukiona kioo hiki. Umenielewa, Mhehe?"

Nilimwelewa. Kwa miezi kama sita niliandika mistari mitatu kwa kila mgonjwa, na kila jioni Maalim alipitia karatasi zangu na kutia alama ya kalamu nyekundu. Ilikuwa desturi ya maabara ile: anayehesabu hatii alama, anayetia alama hahesabu.

Lakini mtu asiyetulia hatulii hata mezani. Niligundua kwamba kugawa kwa sifuri nukta tisa ni sawa na kuchukua idadi na kuiongezea sehemu yake ya tisa. Kumi na nane, ongeza mbili, ishirini. Hakuna mita, hakuna watoto mabegani. Nilifurahi kama mtu aliyevumbua moto. Nilifanya kwa kichwa, kisha nikajaza mistari mitatu baadaye ili Maalim aione. Baadaye zaidi niliacha kuijaza. Maalim alinikaripia mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Jibu ni sahihi, lakini sijui umelipata wapi. Mtu akikuletea nyama hujui ameitoa wapi, unaila?" Nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, na nilikuwa sahihi kila siku.

Masika yale Maalim alikwenda vijijini kwa warina asali kuchukua damu. Alirudi baada ya wiki mbili na jipu shingoni pale mbung'o alipomwuma, na homa. Alijichoma kidole mwenyewe, akaweka tone kwenye kioo, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniachia kiti.

"Tazama. Huyo anayecheza upande wa kushoto. Huyo ni wa kwangu."

Nikamwambia pole.

"Pole mpe yeye. Amekuja nyumba ya watu wanaomjua."

Daktari alimlaza siku ileile. Kesho yake akatoa maji ya uti wa mgongo. Na hapa ndipo nataka msome taratibu.

Kioo chetu cha zamani kilikuwa kimevunjika ukingo wiki iliyotangulia, Maalim akiwa safarini. Kipya kilikuwa kimefika kwa posta. Nilikifungua mwenyewe. Nilipokiweka chini ya hadubini niliona mara moja kwamba si sawa na cha kwanza: miraba haikuwa tisa, ilikuwa kumi na sita, minne kwa minne. Nilijivuna kwa kuliona hilo. Mwingine, nilijiambia, angehesabu kumi na sita na kugawa kwa tisa. Mimi nilikaa nikatafuta njia mpya ya mkato. Milimita kumi na sita za mraba, mara sehemu ya kumi, ni moja nukta sita. Na kugawa kwa moja nukta sita ni kuzidisha kwa tano na kugawa kwa nane. Niliiandika kwa chaki ubaoni na kuizungushia duara.

Nikapokea maji ya Maalim. Nikatia tone, halikujaza kidimbwi, nikaongeza. Nikahesabu miraba kumi na sita, nikarudia. Chembe ishirini na nne. Mara tano, mia na ishirini. Gawa kwa nane, kumi na tano.

Nilipita wodini nikielekea kwa daktari. Maalim alikuwa amelala ubavu, kama wanavyolazwa baada ya sindano ya mgongo. Akaniita.

"Umehesabu?"

"Nimehesabu, Maalim. Mara mbili."

"Jibu usiniambie. Niambie ulivyogawa."

"Nimegawa vizuri."

"Lukasi."

"Maalim, pumzika. Daktari anangoja."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nimeyageuza kwa miaka thelathini na zaidi, na sijapata namna ya kuyasoma ambayo mimi si mpumbavu. Mtu mmoja tu pale kambini ndiye angeweza kutia alama nyekundu kwenye karatasi ile, na ilikuwa karatasi yake, na alikuwa ananiomba.

Daktari aliuliza ngapi. Nikasema kumi na tano. Alikunja uso, kwa sababu jipu lile lilikuwa bichi na hakutegemea ugonjwa uwe umefika mbali upesi hivyo. Alinitazama kidogo. Kisha akatia sahihi, na Maalim akaanza dawa ya arseniki, sindano moja kila wiki.

Sindano ya kwanza na ya pili hazikufanya kitu. Baada ya ya nne alisema taa ya wodi ina moshi. Hatukuwa tumewasha taa. Baada ya ya tano alisema anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, katikati tu, pembeni hakuna. Daktari akasimamisha dawa. Lakini dawa ile ikishaanza safari haisikii. Bomba liliendelea kuwa jembamba. Homa ilikwisha, damu ikawa safi, uzito ukarudi. Daftari la kambi, kama lipo bado mahali, linasema alipona malale. Ni kweli, alipona.

Mpaka hapo sikujua kitu. Nilimhurumia kama unavyomhurumia mtu aliyeangukiwa na mti. Kila alasiri nilikwenda kukaa naye na kumsimulia kazi, maana alikuwa bado anaipenda. Siku moja nilikuwa namchekesha. Nikamwambia kioo kipya ni mlevi.

"Mlevi vipi?"

"Kinakunywa, Maalim. Cha zamani tone moja lilitosha. Hiki unatia tone, kinadai jingine."

Alikuwa anakunywa uji. Akakiweka kikombe chini, akipapasa meza kwanza.

"Miraba ni mingapi?"

"Kumi na sita. Niliona tangu siku ya kwanza."

"Na kina chake?"

Nikasema sehemu ya kumi.

"Umesoma wapi?"

Nikasema cha zamani kilikuwa hivyo. Akasema, "Nenda kakilete." Nilikileta. Ubavuni, kwa herufi ndogo zilizochongwa kwenye kioo chenyewe, iliandikwa kila kitu: ukubwa wa mraba, na kina. Ilikuwa imeandikwa tangu kiwandani. Chini ya hadubini huwezi kuyaona maandishi hayo, kwa sababu unatazama katikati. Na kina chenyewe pia huwezi kukiona, kwa sababu unatazama kutoka juu. Miraba unaiona, inakupigia kelele. Kina hakisemi neno.

"Sehemu ya kumi ngapi?" akauliza Maalim.

"Mbili."

"Haya. Sasa gawa. Kwa sauti."

Nikagawa. Urefu, 4 × 10⁻³. Upana, 4 × 10⁻³. Kina, 2 × 10⁻⁴. Zidisha: thelathini na mbili, mtoto hasi kumi. Yaani milimita za ujazo tatu nukta mbili. Chembe ishirini na nne, gawa kwa tatu nukta mbili.

Alingoja. Mtu asiyeona anangoja namna nyingine, hakuangalii lakini huna pa kujificha.

"Saba na nusu," nikasema.

"Saba na nusu," akarudia. Nje mgonjwa mmoja alikuwa anakemea mbuzi. "Umegawa vizuri. Sasa nenda ukamwambie daktari, halafu uwatafute wengine wote waliopita kwenye kioo hicho."

Nilikwenda. Daktari alichukua karatasi, akagawa mwenyewe, akagawa tena. Nilitaka anitukane. Alisema tu, kwa Kiswahili chake cha kuomba radhi, "Hapa chini iko sahihi yangu." Niliwatafuta wengine. Wote nilikuwa nimewazidishia mara mbili, na hakuna aliyedhurika. Aliyekuwa na mbili nilimwandikia nne, akapewa dawa ya damu, ndiyo yake. Aliyekuwa na mia nilimwandikia mia mbili, akapewa arseniki, ndiyo yake. Kosa langu liliwapitia wote, na kati ya wote lilimkuta mmoja tu aliyekuwa amesimama baina ya tano na kumi. Wengine wangesema ni bahati. Sijui ni bahati ya nani.

Mkewe, Bi Zuhura, alikuja na lori kumchukua. Mama mfupi, mchangamfu, alileta chapati za kambi nzima. Alizunguka akimshukuru kila mtu kwa kumwokoa mumewe, na mimi pia, akanishika mikono yote miwili. Kisha, Maalim akiwa ameketi juu ya sanduku lake akingoja kupakiwa, akamwuliza mbele yangu:

"Baba Salma, ulisema dawa hii haitolewi mpaka mtu ahesabiwe. Nani alikuhesabu?"

Maalim alipangusa goti lake kwa kiganja, kama alivyokuwa akipangusa lenzi.

"Nilijihesabu mwenyewe," akasema.

"Na homa ile?"

"Na homa ile."

"Wewe nawe hujui kumwachia mtu kazi," akasema Bi Zuhura, na akamfunga vizuri kitambaa cha shingo, kwa sababu njiani kwenda Mbeya kuna baridi.

Baada ya hapo nilifanya nilichozoea. Niliondoka. Lakini safari hii sikuondoka kwenye kazi, niliondoka kwenye mahali. Kambi ilipofungwa, vyombo vyake viligawanywa, na kasha la maabara likaenda Iringa nami nikaenda nalo. Daktari aliniandikia barua nzuri. Kuhusu kosa hakuandika kitu. Alisema waliopo wanajua, inatosha. Kuhusu vyeo nilivyopata baadaye sina la kusema. Mfagizi aliyeacha shule darasa la nne akifika alipofika ni kwa sababu watu wengine walikuwa wachache.

Miaka mitatu au minne baadaye, kabla ya uhuru, nilipata likizo, nikapanda lori kwenda Mbeya. Nyumba niliijua kwa kuuliza. Bi Zuhura alinipokea kama mwanawe, akaniwekea maji ya moto ya kuoga, akapika wali siku ya kazi. Maalim alikuwa barazani, kofia ileile, amenenepa. Alinitambua kwa hatua.

"Mhehe. Kamwene."

Nilikicheka Kihehe chake. Tuliongea. Alitaka kujua hadubini mpya zikoje, na kama bado nauliza maswali. Watoto wa mtaa walikuja kusoma kwake asubuhi, aliwafundisha kwa kumbukumbu, lakini wazazi walianza kuwapeleka kwa mwalimu anayeweza kuona wanaosinzia. Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Bi Zuhura alipoingia jikoni nikasema nilichokuja kusema. Nilisema kwamba namwomba msamaha, na kwamba nitamweleza Bi Zuhura ukweli, leo hiihii.

"Utamweleza ili iweje?"

"Ajue."

"Akishajua, nani atakayekaa naye humu ndani? Wewe unarudi Iringa." Akageuza uso upande wa jikoni. "Kusamehe nilikusamehe siku ile umegawa kwa sauti. Lakini usije tena na jambo hili, Lukasi. Kila utakapokuja nalo utakuwa unaniomba nikubebe. Na mimi njia siioni."

Nilikula wali. Nililala. Asubuhi Bi Zuhura alinifungia maandazi ya safari, akasema nisipotee. Nilipotea. Sikurudi tena. Habari za kifo cha Maalim nilizipata Iringa, kutoka kwa dereva wa lori niliyewahi kuwa utingo wake, wakati nyumbani kwake wakimaliza matanga. Nilikuwa kazini. Niliandika mistari mitatu ya mgonjwa aliyekuwa mezani, nikagawa, nikampa mwenzangu atie alama.

Nimefundisha wengi baada ya hapo. Mara nyingi nimeingia asubuhi nikakuta mtu amebandika ukutani karatasi ya njia za mkato: kioo hiki zidisha kwa hiki, kile gawa kwa kile. Nimezibandua. Wiki haiishi nakuta nyingine, kwa mwandiko mwingine. Nadhani mtabandika na hii nikishamaliza kuiandika, labda juu ya ile ya njia za mkato. Siwalaumu. Jibu linakuwa sahihi kila siku.

Siku ya mwisho nilikabidhi vyombo kwa mtunza stoo. Alikuwa na orodha ndefu, akitia alama. Tulipofika mwisho kilibaki kioo kimoja cha kuhesabia, cha miraba kumi na sita, kwenye kijisanduku chake cha zamani. Hakikuwa kwenye orodha yake. Nikamwambia kimetoka mbali, kilikuja na kasha. Akakigeuzageuza mwangani.

"Kuna kasoro yoyote, mzee?"

"Hakuna."

"Mbona mnakiweka peke yake?"

Nikamsogezea kijisanduku chake. Akakiandika: kioo cha kuhesabia, kimoja, kizima. Nikatia sahihi chini.